Uzito haung'ari: tazama mkato kabla ya kulipia almasi

Anayeingia duka la vito Shangani, au kwa sonara wa Mji Mkongwe, kutafuta pete ya almasi huuliza karati ngapi na bei gani. Akiongeza swali la tatu huwa ni "mkato wake upi?", naye muuzaji humjibu "duara". Wote wawili wanaridhika, na swali linabaki palepale. Duara ni umbo. Mkato ni jinsi fundi alivyozipanga nyuso za jiwe, kwa pembe zipi, na zimelingana kiasi gani. Rangi na usafi wa ndani jiwe limezaliwa nao. Mkato ni kazi ya mkono wa mtu, na ndio unaoamua kama almasi itacheza na nuru au itakaa kidoleni kama kipande cha chupa. (Tena karati ya almasi ni uzito, miligramu 200. Haina udugu na ile karati 21 au 22 ya dhahabu, ambayo ni kipimo cha usafi.)

Kwa nini pembe? Aliyewahi kupiga mbizi Nungwi bahari imetulia, akageuka kutazama juu, ameshaliona jambo lenyewe. Utosini kwake mbingu huonekana kama kidirisha cha mviringo, na nje ya mviringo huo uso wa maji umegeuka kioo. Nuru inayotoka majini ikiugonga uso kwa mshazari unaozidi nyuzi 49 hivi kutoka wima, haipiti, inarudi chini. Kwa almasi mpaka huo ni nyuzi 24 na nusu tu. Nuru ikishaingia kwa juu ni kama imefungiwa ndani: hugonga ubavu mmoja wa chini, hukatiza hadi wa pili, kisha hurudi juu kwenye jicho lako. Ila hayo huwa pale tu fundi alipozipatia pembe.

Chini ikiwa bapa mno, nuru huvujia nyuma, na ukilitazama jiwe kwa juu unaona duara la kijivu ndani yake, mfano wa jicho la samaki. Chini ikizama mno, katikati panaingia giza kama kichwa cha msumari. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mtu wa ukoo wa wakata almasi, alipiga hesabu za almasi ya duara: nyuzi 34.5 kwa sehemu ya juu, 40.75 kwa ya chini, na uso bapa wa juu uwe asilimia 53 ya upana wa jiwe. Mafundi wa leo hawazifuati herufi kwa herufi, lakini jiwe zuri la duara, lenye nyuso 57 au 58, halitangi mbali na hapo.

Basi kwa nini fundi akate vibaya ilhali hesabu anaijua? Mizani ndiyo inayomponza. Ukataji hula sana. Almasi ya waridi ya Mwadui, Shinyanga, aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake ya 1947, ilikuwa karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipokatwa zilibaki 23.6. Na kwa kuwa bei hupanda ghafla jiwe likifika karati moja kamili, fundi anayechungulia 1.00 huacha nyama kiunoni (ule ukingo unaotenga juu na chini) na tumboni mwa jiwe, mahali jicho lisipofika. Almasi ya duara ya karati moja iliyokatwa vyema ina upana wa milimita 6.4 hadi 6.5. Ukipimiwa kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, ikasoma 6.1, mizani haijakudanganya, lakini umelipia karati moja na machoni pa watu unavaa 0.85. Binafsi ningechukua 0.90 yenye mkato mzuri bila kusita.

Tanzanaiti nazo zina ugonjwa huohuo, pengine zaidi. Ukiliona jiwe limepauka katikati hata ngozi ya kidole inaonekana upande wa pili, ujue pembe za chini zimelazwa ili uzito ubaki.

Usiamue chini ya taa za duka. Zile taa ndogo kali za darini hulimeremetesha jiwe lolote, hata la bandia. Omba utoke nalo hadi barazani, kivulini, ulichezeshe taratibu. Jiwe zuri huonyesha weupe na weusi unaopishana kwa mpangilio, bila doa la giza lisilohama. Muuzaji anayekataa kutoka nawe hatua tatu amekwishakujibu.

Kuhusu cheti, maabara ya GIA ya Marekani ilianza kutoa daraja la mkato mwaka 2006, la ngazi tano, kwa almasi za duara. Cheti cha jiwe la umbo la yai au la mstatili kitakutajia ung'arishaji na ulinganifu. Hata vikiwa bora kabisa, hivyo viwili si mkato. Namba ya cheti mara nyingi huchorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe. Omba lenzi ya kukuza mara 10 uisome mwenyewe.

Wengine huleta pete wakilalamika kwamba imefifia tangu harusi. Almasi hupenda mafuta mno, hata migodini walikuwa wakizinasa kwa meza zilizopakwa grisi. Mkono wa mafuta ya nazi na liwa huifunika kwa siku chache tu. Itie kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, isugue kwa mswaki laini, hasa kwa chini, kisha itazame tena kivulini. Katikati pakiwa bado na giza, hapo si mafuta tena, ni pembe.