Jamani, 300 DPI Haiongezi Chochote Kwenye Picha

Mimi ni mchapa picha, na wiki hii nimeletewa tena faili la picha ambalo jina lake lina "300DPI" ndani, makusudi, ili nisithubutu kubisha. Nimelifungua: upande mrefu una pikseli, vile vitone vinavyounda picha, 1600. Yaani picha imeshapita WhatsApp, ikapunguzwa. Mwenyewe anataka sentimita 60 kwa 80 ya kutundika sebuleni, na nilipomwambia haitafika huko akanijibu, "Kwani bosi hujaona? Ni 300." Nimeona. Naziona kila siku.

DPI ni hesabu ya vitone kwa kila inchi ya karatasi. Hiyo 300 ni maandishi yaliyobandikwa kwenye faili, basi. Ukifungua Photoshop, ukaenda kwenye ukubwa wa picha, ukaondoa tiki ya Resample na kuandika 300, hakuna pikseli hata moja iliyoongezeka. Umechukua mfuko wa unga wa kilo mbili ukaandika juu yake kilo tano. Ukiiacha tiki ndiyo mbaya zaidi: kutoka 72 kwenda 300, zile pikseli 1600 zinakuwa kama 6,667, na zote za ziada programu imezibuni kwa kukisia kutokana na zilizo jirani. Faili linavimba, linachelewa kufunguka, na picha ni ileile yenye ukungu.

Upande wa pili ndio unaouma. Simu na kamera nyingi huandika 72 kwenye faili kwa mazoea tu. Sasa mtu ana picha safi kabisa ya simu, pikseli 4032 kwa 3024, anaona 72, anaingiwa na hofu, anamrushia "mtaalamu" kwa WhatsApp ili aifanye 300. Inarudi na 300 yake, na pikseli 1600. Ilikuwa nzima, imeuawa na matibabu.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: pikseli ulizonazo gawanya kwa inchi za karatasi. Sentimita 80 ni inchi 31 na nusu. Pikseli 1600 hapo zinakupa 51 kwa kila inchi. Pikseli 4032 zinakupa 128. Hiyo ndiyo DPI yako, hata kama faili limeandikwa 72, 300 au elfu moja. Na ile 1440 au 2880 iliyoko kwenye boksi la printa ni matone ya wino, habari nyingine kabisa, tuiache.

Sasa swali ambalo hakuna anayeniuliza: 300 yenyewe imetoka wapi? Imetoka kwenye vitu vya kushika mkononi. Majarida ya rangi yalichapwa kwa mistari 150 ya vitone kwa inchi, wakazidisha mara mbili kwa usalama, ikawa 300. Na jicho zima la binadamu hutenganisha vitu viwili vikiwa na pembe ya kama sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Ukilipeleka hilo kwenye sentimita 30, umbali wa kusomea jarida, unapata kama 290 kwa inchi. Kwa hiyo namba si ya uongo. Ni ya jarida. Nani anausoma ukuta kwa sentimita 30?

Mimi hutumia kanuni hii: chukua 8,700, gawanya kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita. Mita moja, 87. Mita mbili, ambayo ndiyo kawaida kutoka kwenye kochi hadi ukuta wa mbele, 44. Ndiyo maana bango la barabarani huchapwa kwa pikseli chache ajabu na hakuna dereva aliyewahi kusimama kulalamika. Ile picha ya simu yenye 128 inatosha sebuleni na chenji inabaki. Hata ile ya WhatsApp yenye 51, kwa hesabu tu, kutoka kwenye kochi ingepita. Hapo ndipo baadhi ya wateja huniruka: "Si umesema haifiki?"

Nimesema, na kanuni yangu ina tundu. Inadhani mtazamaji amekaa kwenye kochi. Hakai. Mgeni akija, shangazi anamshika mkono hadi ukutani: huyu ndiye mkubwa, huyu alishatangulia, huyu yuko Muscat. Kidole kiko juu ya kioo na pua haiko mbali. Picha ya watu hutazamwa kwa karibu hata ikiwa kubwa, picha ya bahari hutazamwa kwa mbali hata ikiwa ndogo. Tena WhatsApp haipunguzi pikseli tu, inabana na zilizobaki, kwa hiyo 51 yake si 51 safi. Utaona vijiboksi kwenye mashavu na kwenye anga. Kwa hiyo nazidisha kanuni mara mbili kisha naangalia kilichomo ndani. Uso mmoja mkubwa, 100 inanitosha, ingawa najua wapo mafundi watakaonitukana kwa hilo. Kundi la ukoo, sishuki chini ya 150.

Na kundi lina hesabu yake. Watu 40 kwenye safu tatu ni kama 14 kwa safu. Pikseli 4032 ukizigawa kwa 14, kila mtu anapata kama 290 za kutandaza mabega yake yote, na uso unabaki na 100 hivi. Hapo hakuna printa duniani itakayokutolea macho ya mtu. Mpiga picha angegawa kundi, au angeleta kamera yenye pikseli nyingi zaidi, na hilo lilitakiwa siku ya harusi.

Programu za akili mnemba za kukuza picha? Zinasaidia, sikatai. Kwenye majani, vitambaa na kuta za mawe zinafanya kazi nzuri hadi naona wivu. Kwenye nyuso sijaziamini bado. Hazikuzi uso uliopo, zinachora uso unaofanana nao. Nimeona bibi amerudishiwa meno yote. Familia ilifurahi, kwa hiyo labda mwenye tatizo ni mimi.

Wakati wote huu tunagombana kuhusu DPI, hakuna anayeuliza karatasi, na karatasi ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko pikseli. Hasa picha zetu sisi weusi. Karatasi ya mati imekuwa fasheni, haing'ai, inaonekana ya kisanii. Lakini weusi wake si mweusi. Kwa kipimo cha msongamano, yaani jinsi weusi unavyomeza mwanga, mati huishia kama 1.6, wakati karatasi yenye mng'ao hufika 2.3 na kupita. Namba zinaonekana karibu, ila kipimo hicho kinapanda kwa kuzidisha: kwa tofauti ya 0.7, weusi wa mati unarudisha mwanga mara tano ya ule wa karatasi yenye mng'ao. Maana yake, vivuli vyote vya chini vinabanwa sehemu moja. Bwana harusi mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya pazia la kahawia: nywele, shavu lililo kivulini na kola vinakuwa kitu kimoja. Mteja anasema nimechapa giza. Mbunifu anaongeza mwanga kwenye picha nzima, gauni la bi harusi linapotea, na ngozi inakuwa ya majivu.

Huu mzigo si mgeni. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilikuwa zikisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, ikazoeleka kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia "ipunguze weusi kidogo" kabla hata sijachapa. Weusi hauna kosa. Chagua karatasi ya lasta, ile yenye mng'ao wa wastani na vipele vidogo, shavu litatoka na umbo lake. Mati niletee ukiwa na picha ya mnara wa Bagamoyo kwenye ukungu.

Na punguza mwanga wa skrini unapohariri. Skrini inatoa mwanga, karatasi inasubiri taa ya sebule yako. CMYK, mfumo wa rangi wa mashine za uchapishaji, usiiguse, mashine yangu inataka sRGB, ule wa kawaida wa simu na skrini.

Kanvasi: nyuzi zake zinaficha ukungu wa picha, ndiyo maana wauzaji wanaipenda. Zinaficha na kope. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, pwani hunywa unyevu pembeni na kuvimba. Kioo kisiguse picha hata kidogo, kwa joto na unyevu wetu itaganda nacho na hutaitoa nzima. Weka kadibodi iliyokatwa dirisha kati ya kioo na picha. Hayo hayana mjadala.

Yenye mjadala ni miaka ambayo picha itadumu. Boksi la karatasi linasema miaka 100, lingine 200, na mteja anataka niweke sahihi. Sitaki. Wilhelm Imaging Research, maarufu kwa vipimo hivi, huhesabu picha inayopigwa na mwanga wa lux 450 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa saa 12 kwa siku. Kodak wao walihesabu kwa lux 120, wakidai hiyo ndiyo nyumba ya kawaida. Picha ileile, miaka karibu mara nne, kwa kubadilisha dhana tu. Tena Wilhelm anachukulia nyuzi joto 24 na unyevu wa asilimia 60. Dar, mwezi wa tatu? Ninachoweza kusema ni kwamba wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi, hustahimili kuliko wa dai, wa rangi iliyoyeyushwa, na kwamba ukuta unaopigwa na jua la saa kumi utaila picha yoyote, ya bei yoyote.

Kwa hiyo ukija, nitumie picha kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha. Niambie ukuta uko upande gani wa dirisha na watu watasimama wapi. Nitakata kipande cha uso kwa ukubwa wake halisi, nikichape kwenye A4 ya karatasi uliyochagua. Kibandike kwa selotepu palepale itakapokaa, ukiangalie saa mbili usiku kwa taa yako mwenyewe. Kikikutisha kwa giza, rudi, narekebisha faili, ni dakika chache. Ukishasema nichape kubwa na nimechapa, hela sirudishi, hata ukinionyesha 300.