Saratani ya utumbo mwembamba: hesabu moja, magonjwa manne

"Daktari, nimesoma kwamba watu saba kati ya kumi wanafikisha miaka mitano. Basi na mimi nimo, sivyo?"

Mgonjwa aliyeniuliza hivyo alikuwa na adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za tezi za utando wa ndani, ya duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni. Nilichelewa kumjibu. Hesabu aliyoisoma ni ya kweli kwa saratani zote za utumbo mwembamba zikijumlishwa, kuhesabu tangu ugonjwa ujulikane, ila haikuwa ya ugonjwa wake.

Utumbo mwembamba ni takriban robo tatu ya urefu wa njia yote ya chakula, lakini saratani zake hazifiki hata 5% ya saratani za njia hiyo. Huenda ni kwa sababu chakula hupita humo upesi kikiwa majimaji, bakteria ni wachache kuliko kwenye utumbo mpana, na ukuta wake umejaa chembe za kinga. Hizo ni dhana tu, na nadhani zinafanya kazi pamoja. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu zimetunzwa kwa miongo mingi, hupatikana wagonjwa wapya wawili au watatu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na idadi hiyo imekuwa ikipanda.

Inapanda kwa nini? Jina "saratani ya utumbo mwembamba" linafunika magonjwa manne: adenokasinoma, uvimbe wa nyuroendokrini (wa chembe zinazotoa homoni), sarkoma (ya misuli na tishu unganishi) na limfoma (ya chembe za kinga). Kilichoongezeka zaidi ni uvimbe wa nyuroendokrini. Zamani adenokasinoma ndiyo iliyoongoza nchini humo. Kufikia mwaka 2000 hivi ilikuwa imeshapitwa. Naamini sehemu ya ongezeko hilo ni macho yetu kuona vizuri zaidi: endoskopi, yaani vipimo vya mrija wenye kamera, zimekuwa nyingi, picha za CT zimekuwa safi, na tangu 2001 kuna kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa hukimeza.

Hapo ndipo ile hesabu ya saba kati ya kumi inapopotosha. Uvimbe wa nyuroendokrini mara nyingi hukua polepole. Wapo wanaoishi nao miaka mingi hata ukiwa umeshafika kwenye ini. Kadiri wagonjwa hawa wanavyozidi, wastani wa wote unapanda, hata kama mwenye adenokasinoma hajanufaika na chochote. Katika uchambuzi mkubwa wa Marekani wa wagonjwa karibu 5,000 wa adenokasinoma, walioandikishwa kati ya 1985 na 1995, waliofikisha miaka mitano bila kuuawa na saratani hiyo walikuwa takriban 30 kati ya 100. Takwimu hizo ni za zamani na tiba imesogea, lakini pengo lile halijazibika.

Sarkoma ina habari yake. Aina iitwayo GIST ilikuwa haisikii dawa za kawaida za saratani, mpaka ilipokuja imatinibu, vidonge vinavyozima kimeng'enya kinachouchochea uvimbe. Atakayesoma takwimu zake za kabla ya 2000 atakata tamaa bure.

Adenokasinoma inaumiza zaidi kwa sababu inachelewa kujulikana. Tumbo linauma kisha linaacha, damu inapungua taratibu, mgonjwa anapewa vidonge vya madini ya chuma na kurudi nyumbani. Endoskopi ya kawaida, inayopitia mdomoni, huishia duodenamu. Kolonoskopi, inayopitia njia ya haja kubwa, huchungulia kipande cha mwisho tu cha ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Katikati hapo panabaki gizani. Mtu mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano), au ukoo wenye sindromu ya Lynch (hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani), akiishiwa damu bila sababu kuonekana, mimi sikubali kuishia kwenye vipimo hivyo viwili.

Yule mgonjwa nilimwambia tusubiri upasuaji, kwa kuwa kinachobeba uzito ni tezi za limfu, vituo vidogo vya kinga ambavyo saratani huweza kusambaa kwenda kwake: ngapi zimetolewa na kuchunguzwa, na ngapi zina saratani. Zikichunguzwa chini ya nane, hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba haijasambaa. Zake zilikuwa 11, moja ikiwa na saratani. Siku hiyo tulikaa, tukaanza kuzungumzia hesabu zake mwenyewe.