Je, wajua kwa nini Mauser ya 1871 huoshwa kwa maji?

Maji na chuma haviivani. Hilo tunalijua tangu tuliposahau panga nje usiku wa mvua. Ndiyo maana wengi, nasi tulikuwemo, hudhani kwamba bunduki kongwe ikishafyatuliwa hupakwa mafuta tu. Kosa. Kwa Mauser ya 1871, bunduki ya Kijerumani ya milimita 11 inayopakiwa risasi moja moja, mafuta yakitangulia huilinda kutu yenyewe, si bunduki.

Hii ndiyo bunduki waliyokuwa nayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, wakati majeshi ya Ulaya yalishahamia baruti isiyo na moshi. Moshi wake mzito ulimtangaza mpigaji alipojificha. Moshi huo na kutu ni ndugu wa tumbo moja.

Bunduki hii hutumia baruti nyeusi, ambayo ni shura (nitrati ya potasiamu) takriban asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10. Ikiungua, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo hugeuka gesi. Ni kama jiko la kuni: moto unazimika, majivu yanabaki. Risasi moja hubeba karibu gramu 5 za baruti, kwa hiyo zaidi ya gramu 2.5 ni vitu vigumu. Vingine hutoka kama moshi, vingine hugandamana kwenye michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu.

Uchafu huo kwa sehemu kubwa ni chumvi za potasiamu. Tia chumvi ya jikoni kwenye mafuta ya kupikia, koroga utakavyo: punje zipo palepale. Kwenye maji zinayeyuka. Sasa kumbuka kopo la chumvi lililoachwa wazi pwani wakati wa masika, linavyolowa lenyewe. Si chumvi zote za baruti zenye tabia hiyo, ila kaboneti ya potasiamu inayo kwelikweli. Ukiifunika kwa mafuta, umeiacha inywe unyevu taratibu juu ya chuma.

Sasa tuoshe. Kwanza hakikisha chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu. Hapa kuna kioja: bunduki hii ina ndoana ya kuvuta ganda lakini haina kitu cha kulirusha nje. Mpigaji huvuta nyuma komeo, chuma kinachofunga chemba, kisha huilaza bunduki upande wa kulia ganda lidondoke.

Legeza skrubu ya wosha kubwa iliyo kwenye ubavu wa komeo, ulitoe komeo lote. Elekeza mdomo wa mtutu chini ili maji yasirudi kwenye mbao. Yakiingia kati ya mti na mtutu, kutu itakula mahali usipopaona. Pitisha vitambaa vilivyolowa kutokea chemba, wala si mdomoni, kwa sababu ufito wa kusafishia ukikwaruza ukingo wa mdomo shabaha inapotea. Endelea mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Kausha, ndipo upake mafuta membamba. Usisahau uso wa komeo.

Je, maji yawe ya moto? Wazoefu wanabishana. Ya moto hukauka upesi, lakini yakizidi huweza kuacha utando mwekundu wa kutu papo hapo; ya vuguvugu yanatosha.

Kesho yake pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia maji.