Fedha ya Flaxman haikuwa ya mshindi wa pili

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesoma vizuri kabisa: kama kijana John Flaxman, mchongaji wa sanamu, alipata medali ya fedha ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, nani alimshinda? Hakuna. Mshindi alikuwa yeye.

Najua kosa hili linakotoka. Sisi tukisikia fedha tunawakumbuka Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980, na pale fedha ilikuwa nafasi ya pili kweli. Lakini utaratibu wa dhahabu, fedha na shaba katika Olimpiki ulianza St. Louis mwaka 1904. Athens 1896, aliyeshika nafasi ya kwanza alikabidhiwa fedha. Sasa kwa nini tumhukumu mchongaji wa London wa karne ya 18 kwa kanuni ya 1904?

Royal Academy, iliyoanzishwa 1768, ilikuwa na mashindano mawili yasiyofanana. Fedha ilikuwa ya mazoezi: mwanafunzi wa uchongaji anawekewa mtu hai aliyetulia katika mkao mmoja, naye anaufinyanga kwa udongo jinsi anavyouona. Hatungi chochote. Dhahabu ilikuwa ya utunzi: unapewa kisa, na watu, mikao na mpangilio unavitafuta mwenyewe. Aliyeongoza kwenye fedha hakuwa nyuma ya mtu yeyote.

Itazame medali yenyewe. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George III. Geuza: kile kiwiliwili mashuhuri cha Belvedere, kipande cha sanamu ya kale kilichoko Vatican, hakina kichwa wala mikono, na neno moja tu linalomwamuru kijana ajifunze. Kwenye dhahabu yupo Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi, akimwonyesha kijana njia ya kupanda. Aliyebuni sura hizi alijua anatofautisha kazi mbili, na bado maelezo ya makumbusho na minada yanaandikwa kana kwamba ni ngazi moja.

Flaxman, mtoto wa mtengenezaji wa sanamu za plasta, aliipata fedha kabla hajafikisha miaka 16. Mwaka 1772 aligombea dhahabu, ikaenda kwa Thomas Engleheart. Hapo ndipo aliposhindwa, na hapakuwa na fedha ya kifuta machozi. Miaka mitatu baadaye alikuwa akimfanyia kazi Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, na mwaka 1810 Royal Academy hiyo hiyo ikamfanya profesa wake wa kwanza wa uchongaji. Engleheart leo anatajwa zaidi kwa sababu ya siku ile. Ndiyo maana nina shaka na desturi yetu wataalamu ya kusoma kipaji kwenye medali. Inaonyesha majaji walipenda nini mwaka ule, basi.

Shaka yangu nyingine ni jina la mshindi lililochongwa ukingoni mwa medali. Tunalitumia kama ushahidi, lakini jina huchongwa medali ikishapigwa chapa, na mkono mwingine unaweza kulichonga miaka mingi baadaye. Mimi silikubali bila hati ya kuliunga mkono.

Na tafadhali, msizisugue kwa dawa ya meno! Weusi ule ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Ukiuondoa, umeondoa na fedha. Huanza kulika palipoinuka: shavu la mfalme, nywele, misuli ya kiwiliwili. Ukisugua ukingo, mikwaruzo ya kalamu ya mchonga jina inafutika, na ndiyo ninayoitazama kwa lenzi kujua jina lilichongwa lini.