Fokker Friendship ya Airfix: msasa kwanza, gundi baadaye

Kama umebahatika kupata boksi la zamani la Airfix, wale Waingereza wa modeli za plastiki za kuunga mwenyewe, la ndege ya Fokker F27 Friendship, ile ya skeli 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), tafadhali usiliweke kabatini likawa pambo, lifungue uiunde hiyo ndege. Naulizwa sana kama kuna maana ya kuhangaika na plastiki iliyochongewa moldi mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati siku hizi zipo modeli zinazokaa zenyewe bila hata puti, na jibu langu ni ndio, tena kwa moyo wote, kwa sababu umbo limekaa vizuri, pua imekaa, bawa limekaa, na kinachoharibu ni ngozi ya juu tu na hiyo inatibika kwa msasa.

Ndege yenyewe kwanza, maana huwezi kuunda kitu usichokijua. F27 ni kazi ya Waholanzi wa Fokker, iliruka mara ya kwanza tarehe 24 Novemba 1955, injini mbili za Rolls-Royce Dart, bawa juu ya bodi, na lengo lilikuwa kuchukua kazi za DC-3, ndege za abiria za Kimarekani ambazo zilikuwa zimetapakaa dunia nzima baada ya vita. Aer Lingus wa Ireland walianza kubeba nazo abiria 1958. Huku kwetu zililetwa na East African Airways mwanzoni mwa miaka ya 60, lile shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanzishwa 1946, na lilipokufa 1977 Friendship zikaendelea kuruka kwa Air Tanzania na Kenya Airways. Kwahiyo wazee wengi wa hapa mara yao ya kwanza kupanda ndege walipanda hii, na ukiwauliza watakwambia habari ya madirisha, yale makubwa ya umbo la yai, na kwa vile bawa liko juu hakuna kinachokukinga kuona chini, unaona shamba, unaona mto, unaona bahari.

Sasa tuje kwenye rivet, zile pini zinazoshikanisha mabati ya ndege. Airfix wa enzi hizo walipenda sana rivet, wamezijaza bodi nzima na mabawa yote, vinundu vimetokeza ukipitisha kidole unavisikia. Piga hesabu kidogo: kinundu cha nusu milimita kwenye skeli 1/72 ni sentimita 3.6 kwenye ndege halisi, yaani rivet pana kuliko kizibo cha soda! Hakuna ndege yenye rivet kama hizo. Na kwa F27 kosa ni kubwa zaidi kuliko kwa ndege nyingi za rika lake, kwa sababu Fokker walijenga sehemu kubwa ya hii ndege kwa kugandisha bati kwa bati kwa gundi, mfumo unaoitwa Redux uliobuniwa na Norman de Bruyne kule Duxford Uingereza 1941. Bati la ngozi na zile mbavu za ndani zinapakwa gundi, zinabanwa kwa joto na mgandamizo, zinakuwa kitu kimoja, rivet zinabaki chache tu sehemu za maungio. Faida yake ngozi inabaki laini, upepo unateleza, na hakuna matundu mengi ambako ufa unaweza kuanzia. Ukiangalia picha nzuri ya Friendship ikiwa na jua ubavuni utaona ilivyo nyororo. Ndo maana nasema kwa modeli hii msasa ni lazima, unairudishia ndege sura yake.

Msasa wa maji, anza namba 400, halafu 600, malizia na 1000. Lowesha, zungusha taratibu, usikandamize, na usianze kabla hujaosha plastiki kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu kwa sababu ina mafuta ya moldi na mafuta ya mikono ya miaka yote hiyo. Kaa macho na mistari ya maungio ya paneli, kama imetokeza nayo itaondoka, mimi huichora upya ile michache muhimu tu (milango, flapu za nyuma ya bawa, usukani wa mkia) kwa sindano ngumu nikifuata ukingo wa tepu nene. Usichore yote. Kumbuka hii ni ndege ya gundi.

Plastiki ya zamani inakuwa kavu, ukikata kipande kutoka kwenye fremu inayoshikilia vipande kwa kukizungusha kwa mkono kinaweza kukatika pasipo mahali pake, tumia koleo kali au msumeno mwembamba, kisha safisha na wembe. Mabawa pia hujipinda kwenye boksi. Bawa la F27 ni refu na jembamba, mita 29 ncha kwa ncha, kwenye skeli hii inakuja kama sentimita 40, kwahiyo hata kujipinda kidogo kunaonekana. Maji ya moto yasiyochemka, chovya, nyoosha kwa vidole, peleka kwenye maji baridi ukiwa umeshikilia, rudia hadi linyooke.

Gundi ya kuungia iwe ile nyepesi kama maji ya modeli za plastiki, unaweka vipande pamoja kwanza halafu unagusisha brashi kwenye mstari, gundi inakimbia yenyewe ndani. Hii haigandishi juu juu, inayeyusha plastiki ya pande zote mbili zinakuwa kipande kimoja, kwahiyo acha usiku mzima kabla hujaanza kupiga msasa la sivyo mstari utazama baadae ukiwa umeshapaka rangi. Supaglu usiipeleke karibu na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe.

Kabla hujafunga bodi, uzito! Ndege hii inasimama kwa gurudumu la pua na modeli ikiwa tupu inakalia mkia. Mimi natumia chubwi, zile risasi za wavuvi zinazouzwa sokoni, nazijaza mbele ya chumba cha rubani na chini ya sakafu yake, nazigandisha na epoksi. Jaribu kwanza kwa kubana bodi na mabawa kwa tepu na kuegemeza pale miguu mikubwa itakapokaa, ukiona pua inashuka yenyewe ongeza chubwi moja zaidi halafu funga, maana mkia na rangi vitaongeza uzito wa nyuma.

Vioo vya zamani vinageuka rangi ya manjano na ukivibandika kwa ndani kama maelekezo yanavyosema kuna siku utaishika bodi kimoja kitadondokea ndani, na hapo hakuna namna ya kukitoa. Mimi siviweki kabisa. Nasafisha matundu yote hadi yawe yai safi, napaka ndani rangi nyeusi, naunda na kupaka rangi ndege nzima, na mwisho kabisa nazungusha gundi nyeupe ya kutengenezea vioo kwa kijiti cha meno kuanzia ukingoni kuja katikati, inavuta utando, ikikauka inakuwa angavu. Kioo cha rubani tu ndo natumia cha kwenye boksi, nakipiga msasa laini sana na kukisugua na dawa ya meno hadi king'ae.

Rangi, ndege nyingi za enzi hizo juu nyeupe ili jua lisiwachome abiria na chini bati tupu. Nyeupe inataka praima ya kijivu na mikono mingi myepesi, na ukiwa Pwani usipulize asubuhi mapema wakati hewa imejaa unyevu, rangi ya kung'aa inafifia na kuwa na ukungu, subiri mchana.

Ukitafuta picha za kuiga kuwa makini na Fokker 50, mdogo wake F27 aliyekuja baadaye, zinachanganywa sana mtandaoni hata na watu wanaojua ndege. Angalia gurudumu la pua, F27 ina tairi moja na Fokker 50 ina mbili, halafu pangaboi, F27 ina mapanga manne na 50 ina sita, na madirisha ya 50 ni madogo na mengi.

Stika za maji za boksi la zamani zimeshakuwa za njano, zibandike kwa tepu kwenye dirisha linalopata jua siku kadhaa zitarudi nyeupe, halafu jaribu moja usiyoihitaji kwenye maji. Ikipasuka vipande, pulizia zilizobaki vanishi na uzikate moja moja. Ila mimi ningekushauri uchapishe zako za East African Airways, simba na maandishi yake, na kwenye namba ya usajili uchague nchi, kwasababu lile shirika lilisajili ndege zake nchi zote tatu, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania. Hakikisha tu unafuata picha ya ndege moja ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana walibadilisha rangi kadri miaka ilivyokwenda, na ukichanganya mkia wa mwaka mmoja na mstari wa mwaka mwingine utakuwa umeunda ndege ambayo haijawahi kuwepo.