Muuguzi akikuandikia rufaa, hajakutupa

Katika zahanati nyingi za Nyakach, Seme na Muhoroni, anayekupokea na kukutibu ni muuguzi. Daktari hayupo. Ndiyo maana katika mikutano ya afya hapa Kisumu watu hutuuliza: huyu nesi ana ruhusa kweli?

Anayo, mradi awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na leseni yake iwe haijaisha muda. Si utovu wa adabu kuomba kuiona. Maafisa wa kliniki wana sheria yao ya mwaka 2017, na madaktari wana yao. Wizara ya Afya nayo ilitoa mwongozo wa wahudumu wa afya kugawana majukumu, wa 2017 hadi 2030, na muuguzi aliyefunzwa anaweza kumwanzishia mgonjwa dawa za ARV papo hapo zahanati. Kwa eneo letu, lililoumizwa sana na Ukimwi, hilo ni jambo kubwa.

Baadhi ya majimbo ya Marekani humtaka muuguzi wa ngazi ya juu awe na mkataba wa maandishi na daktari kabla ya kuandika dawa. Kwetu ushirikiano wa muuguzi na daktari hupitia zaidi ngazi za huduma: zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ya 3, kisha hospitali.

Mipaka ya kazi ya muuguzi huonekana wazi zaidi leba. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, muuguzi humdunga oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, humkanda tumbo mji wa mimba ukaze, na kumtundikia maji. Akipatwa na kifafa cha mimba, hupewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kabla gari halijaondoka. Hiyo yote ni kazi halali ya muuguzi. Upasuaji si wake. Mtoto asiposhuka au damu isipokoma, ni lazima apige simu na kuandika rufaa, yaani barua ya kumpeleka mama hospitali kubwa. Mimi humhofia zaidi muuguzi anayeng'ang'ania mgonjwa ili asionekane hajui.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya matibabu ya dharura, na ndani yake mna kuimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa. Kwa hiyo msisubiri kuche ili mchange pesa kwanza. Nendeni usiku huohuo, na barua mkononi.

Barua hiyo inaeleza dawa alizopewa na saa alizopewa. Daktari wa Jaramogi, hospitali kubwa ya rufaa hapa Kisumu ambayo wengi bado huiita Russia, asipoiona hulazimika kukisia, na dozi ya magnesiamu ikirudiwa mapema mno inaweza kumzuia mama kupumua.

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka, aombe maelezo ya maandishi ya kumpelekea muuguzi wa kwao. Presha ya mama aliyejifungua inaweza kupanda tena akiwa nyumbani, na atakayeipima ni yule nesi wa zahanati.