Je, wajua kwa nini VAR, yaani mfumo wa waamuzi wa video, haijamaliza ubishi wa penalti?

Mwaka 2019, katika muda usiozidi miezi mitatu, mwamuzi Damir Skomina wa Slovenia alitoa penalti mbili za kuunawa mpira katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, na zote mbili bado zinabishaniwa. Ya kwanza ilikuwa mjini Paris tarehe 6 Machi, mechi ikielekea ukingoni, pale shuti la Diogo Dalot wa Manchester United lilipomgonga mkononi Presnel Kimpembe wa Paris Saint-Germain, ambaye alikuwa ameruka na kuupa mpira mgongo. Skomina hakutoa penalti. Waamuzi wa video ndio waliomwita, akaenda kutazama skrini iliyo pembezoni mwa uwanja, akarudi akiwa amebadili uamuzi. Marcus Rashford akafunga, na PSG ikatolewa. Ya pili ilikuwa katika fainali ya Madrid tarehe 1 Juni, kabla mchezo haujatimiza hata nusu dakika, pale mpira wa Sadio Mané ulipomgusa mkononi Moussa Sissoko wa Tottenham. Safari hii Skomina alipuliza filimbi mwenyewe papo hapo, waamuzi wa video wakakagua tukio na kuuacha uamuzi ulivyo, na Mohamed Salah akaifungia Liverpool.

Aliyetegemea kwamba kamera zingemaliza ubishi wa namna hii ana haki ya kuuliza zimekwama wapi. Jibu kubwa halimo katika ubora wa picha, bali katika swali ambalo mwamuzi wa video anaulizwa. Yeye haulizwi kama tukio fulani ni penalti. Anaulizwa kama uamuzi uliokwisha kutolewa uwanjani ni kosa la wazi lisilo na shaka, au kama kuna tukio zito ambalo mwamuzi hakuliona kabisa. Maswali hayo mawili yanafanana kwa juu, lakini umbali kati yao ndio unaozaa karibu malalamiko yote tunayoyasikia kila wiki.

Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, IFAB, iliidhinisha mfumo huu Machi 2018 na kuuwekea mipaka: wakati huo uliruhusiwa kuingilia kati katika mambo manne tu, yaani magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja, na pale mchezaji asiyehusika anapoadhibiwa badala ya mwenzake. Pia uliwekwa msingi kwamba mwamuzi wa uwanjani ni lazima aamue kwanza, kana kwamba video haipo, na uamuzi huo usimame isipokuwa picha zionyeshe wazi kwamba amekosea. Hii ina maana kwamba tukio lenye utata, ambalo waamuzi wazuri kumi wangegawanyika tano kwa tano, linaweza kuwa penalti leo na lisiwe penalti kesho, kwa kutegemea tu mwamuzi alipuliza au hakupuliza, na katika siku zote mbili mwamuzi wa video akawa ametimiza wajibu wake kwa kunyamaza. Mtazamaji aliyeona matukio hayo mawili yakifuatana huona upendeleo, ilhali utaratibu wenyewe unaruhusu tofauti hiyo.

Ghana waliionja hali hii tarehe 24 Novemba 2022 katika Kombe la Dunia la Qatar. Mohammed Salisu alipogusana na Cristiano Ronaldo ndani ya eneo la hatari, mwamuzi Ismail Elfath aliipa Ureno penalti na hakuitwa kwenda kutazama skrini. Ronaldo akafunga, Ureno ikashinda 3-2, na kocha wa Ghana, Otto Addo, akaieleza penalti hiyo kuwa ni zawadi kutoka kwa mwamuzi. Kwa maoni yangu, hasira yake ilikuwa halali, kwa sababu mgusano ule ulikuwa mwepesi mno kubeba adhabu nzito kiasi hicho. Hata hivyo, mgusano ulikuwepo, na mgusano ukiwepo ni vigumu sana kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini kutamka kwamba mwenzake amekosea waziwazi.

Uzito wa adhabu hiyo nao unapaswa kutajwa. Faulo ileile ikitendeka hatua moja nje ya mstari, yaani zaidi ya mita 16.5 kutoka mstari wa goli, huzaa mpira wa adhabu ambao mara nyingi huishia kwenye ukuta wa mabeki. Ikitendeka ndani, mpigaji husimama mita 11 akiwa na kipa peke yake. Katika Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018, la kwanza kutumia VAR, zilitolewa penalti 29, wakati rekodi ya awali ilikuwa 18, na 22 kati ya hizo ziliingia wavuni. Ya kwanza kutokana na video ilikuwa ya Ufaransa dhidi ya Australia tarehe 16 Juni mjini Kazan, baada ya Antoine Griezmann kuangushwa na mwamuzi kuamuru kwanza mchezo uendelee.

Chanzo kingine cha ubishi kimo katika maneno ya sheria yenyewe. Si kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Sheria inataka mwamuzi apime kama mchezaji aliupeleka mkono kwa makusudi, au kama mkono uliufanya mwili wake kuwa mkubwa isivyo kawaida kulingana na mwendo aliokuwa nao. Neno “isivyo kawaida” halipimwi kwa rula. Kimpembe aliyeruka huku amegeuka alikuwa na mkono mbali na mwili, kama walivyo wanadamu wote wanaporuka, na hata kamera ishirini zisingeweza kusema kama mkao huo ni wa kawaida au la. Zinaonyesha mkono ulikuwa wapi. Kuamua kama ulistahili kuwa pale kunabaki kwa binadamu.

Picha nazo zina hila yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wanaotazama kitendo kwa mwendo wa taratibu huamini zaidi kwamba mtendaji alikusudia, kwa kuwa wanapata hisia kwamba alikuwa na muda wa kufikiri. Waandishi wa utaratibu wa VAR walilijua hilo, ndiyo maana wanaelekeza kwamba mwendo wa taratibu utumike kubaini mahali pa mgusano, lakini nguvu ya rafu na kosa la kuunawa mpira vihukumiwe kwa kasi ya kawaida. Sisi watazamaji, kwa upande wetu, huonyeshwa marudio ya taratibu mara tano au sita, na tunakuwa tumeshatoa hukumu kabla mwamuzi hajafika kwenye skrini.

Video ina uwezo mkubwa zaidi pale inapoulizwa jambo la hakika, lisilohitaji tafsiri. Ajabu ni kwamba hapo nako malalamiko hayakosekani. Tarehe 19 Juni 2019, katika Kombe la Dunia la Wanawake mjini Paris, kipa Lee Alexander wa Uskoti alipangua penalti ya Florencia Bonsegundo wa Argentina katika dakika za mwisho. Video ikaonyesha kwamba miguu ya kipa ilikuwa imeacha mstari kabla mpira haujapigwa, penalti ikarudiwa, ikaingia, mechi ikaisha 3-3 na Uskoti ikaaga mashindano. Sheria ilifuatwa neno kwa neno. Lakini ilikuwa imeandikwa kwa macho ya mwamuzi aliyesimama uwanjani, na sasa ilikuwa inasimamiwa na jicho kali kuliko lile.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Machi 2025, Atlético Madrid na Real Madrid walipofika kwenye mikwaju ya penalti katika Ligi ya Mabingwa. Julián Álvarez aliteleza akipiga, mpira ukaingia, kisha video ikabaini kwamba mguu wake wa kusimamia uliugusa mpira kidogo sana, na kwa kuwa mpigaji haruhusiwi kuugusa mara mbili, goli likafutwa. Hakuna aliyedai kwamba alikusudia, wala kwamba alipata faida yoyote. Juni mwaka huohuo IFAB ilitoa ufafanuzi kwamba mpigaji akiugusa mpira mara mbili kwa bahati mbaya na ukaingia, penalti irudiwe. Atlético walikuwa wamekwisha kutolewa miezi mitatu kabla.